Mashua ya tanga ya kujijengea na kuivuta kwa trela: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza ni wa aina mbili. Kuna mwenye bahari au ziwa karibu lakini hana pa kuegesha chombo, na kuna anayeishi bara kabisa, ila ana gari, ua wa nyuma ya nyumba na hamu. Majibu haya ni ya wote wawili. Mifano mingi imetoka kwenye Mirror, na sababu yake iko kwenye jibu la kwanza.

Mirror ni mashua gani, na kwa nini inatajwa kila mara?

Ni mashua ndogo ya plaiwudi kutoka Uingereza. Ina urefu wa mita 3.3, upana wa kama mita 1.4, na gamba lake tupu lina uzito wa kilo 45 na kidogo. Aliyeibuni mwaka 1962 ni Barry Bucknell, mtangazaji wa televisheni aliyekuwa akiwafundisha Waingereza kujitengenezea vitu nyumbani. Jack Holt, mbunifu ambaye tayari alikuwa amechora GP14 na Enterprise, akaiboresha. Gazeti la Daily Mirror likaidhamini, na ndiyo maana ina jina hilo na matanga mekundu. Mwaka 1963 kifurushi cha vipande vilivyokatwa tayari kiliuzwa pauni 63 na shilingi 11. Tangu hapo zimeundwa zaidi ya 70,000, nyingi kwenye mabanda, gereji na hata sebule za watu ambao hawajawahi kuunda chombo.

Ujenzi wake rahisi husifiwa sana, na kwa haki. Lakini sifa ninayoithamini zaidi ni nyingine: mlingoti, foromali (mti wa juu unaoshika tanga) na mti wa chini wa tanga vyote ni vifupi kiasi cha kuingia ndani ya mashua yenyewe. Ukifika nyumbani unafunika turubai, kazi imekwisha. Nimeona mashua nzuri kuliko hii zikizeeka uani kwa sababu kuzitoa tu ni kazi ya watu wanne na nusu siku. Kama utachukua neno moja tu katika ukurasa huu, chukua hili: chagua chombo kwa jinsi kinavyobebwa na kutwekwa tanga, kabla hujaangalia kinavyokwenda.

Wanasema mbao zake zinashonwa. Zinashonwaje?

Unakata vipande vya plaiwudi kwa vipimo vya ramani. Kando ya kila ukingo unatoboa matundu madogo, kisha unaviunganisha viwili viwili kwa vipande vya waya wa shaba nyekundu, unavisokota kwa koleo mpaka kingo zikutane. Plaiwudi ikivutwa hivyo inajipinda yenyewe na kuchukua umbo la mashua. Halafu maungio yanajazwa gundi nzito na kufunikwa kwa utepe wa faibaglasi uliolowekwa utomvu, ndani na nje. Waya unakatwa au unavutwa nje, na nguvu yote inabaki kwenye ule utepe.

Msomaji wa pwani hatashangaa. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulikuwa chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba ya kumbi, bila msumari, ukiwa na tanga la mkeka la pembe nne. Na mafundi wetu wa majahazi wana desturi ya kupanga mbao za gamba kwanza, mataruma, yaani mbavu za ndani, yakafuata baadaye. Njia ya Mirror inafuata mpangilio huohuo: gamba kwanza, viimarisho baadaye. Tofauti ni kwamba hapa umbo liko kwenye karatasi, wakati kwa fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi huko Lamu, liko kwenye jicho lake.

Mimi si seremala. Nitaweza?

Ukiweza kupima mara mbili kabla ya kukata, utaweza. Vifaa vya lazima ni msumeno wa mkono wenye meno madogo, drili, randa ndogo, koleo, vibanio vingi kuliko unavyodhani, na msasa. Mkono wa fundi unahitajika sehemu mbili: kwenye milingoti, ambayo inachongwa kutoka mbao nyoofu isiyo na vifundo, na kwenye ubao wa katikati, ule unaoshuka majini kuzuia mashua isiteleze ubavu. Hizo mbili unaweza kumpa seremala wa mtaani, bora umpe mchoro na usimame naye.

Muda? Hesabu wikendi za miezi kadhaa. Nusu ya muda huo ni kupiga msasa.

Plaiwudi gani?

Iliyoandikwa ya baharini, ya kiwango cha BS 1088, ukiipata. Muhuri peke yake usikutoshe. Omba kipande, kichemshe kwenye sufuria kwa saa moja hivi, kikauke juani, kisha jaribu kukibandua kwa bisibisi. Matabaka yakiachana, hiyo ni plaiwudi ya dari. Angalia pia ukingo: mashimo kati ya matabaka ni mahali maji yatakapokaa na kuozesha. Kwa mashua ya ukubwa huu unene wa mm 5 au 6 unatosha, na mtu akikushauri uweke mm 12 "iwe imara", mwambie atakuja yeye kuibeba.

Epoksi inaganda kwenye kikombe kabla sijaipaka. Kosa liko wapi?

Liko kwenye joto na kwenye kikombe. Epoksi, ule utomvu wa kugandisha maungio, ikichanganyika na kigandishi chake hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa imerundikana kwenye chombo chenye kina, joto hilo halina pa kwenda, basi linaharakisha mgando mpaka kikombe kinatoa moshi. Mombasa au Dar es Salaam mchana wa Februari mambo huwa mabaya zaidi. Changanya kidogo kidogo, mimina mara moja kwenye sinia pana, fanya kazi alfajiri au jioni chini ya kivuli, na nunua kigandishi cha taratibu. Usipunguze kigandishi ili kuchelewesha: uwiano ukiharibika, epoksi haitakauka kamwe.

Ikishakauka huweza kuacha utando wa nta juu. Uoshe kwa maji safi na sponji ngumu kabla ya msasa, la sivyo tabaka linalofuata halitashika. Na usiiache wazi juani. Epoksi haipendi jua, lazima ifunikwe kwa rangi au vanishi inayozuia miale.

Tanga gani linafaa kwa mashua ya trela?

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, maana uamuzi huu unagusa kila kitu: urefu wa milingoti, kamba ngapi utafunga ukiwa umesimama kwenye matope, na utatumia dakika ngapi kati ya kuegesha gari na kuondoka ufukweni.

Tanga la pembetatu la kisasa, lenye mlingoti mmoja mrefu, ndilo linalopanda vizuri dhidi ya upepo. Lakini mlingoti wake ni mrefu kuliko mashua. Utatokeza nyuma ya trela, utahitaji kitambaa chekundu mwishoni, na kuusimamisha peke yako kwenye upepo ni kazi.

Mirror ya asili inatumia suluhisho la zamani: mlingoti mfupi, kisha foromali inayopanda karibu wima kandokando ya mlingoti na kuuendeleza juu. Ukitweka, tanga linaonekana kama la pembetatu. Ukilishusha, unabaki na vijiti viwili vifupi. Mbele kuna tanga dogo la pili, na yote mawili kwa pamoja ni kama mita za mraba 6.5. Mlingoti unashikwa na kamba tatu za waya, moja mbele na mbili ubavuni.

Chaguo la tatu, ambalo mimi humwambia kila anayeanza aliangalie kwanza, ni tanga moja la pembe nne lililoning'inizwa kwenye foromali, na sehemu yake ndogo ikiwa mbele ya mlingoti. Mlingoti unachomekwa tu kwenye tundu, hauna waya hata mmoja. Kuna henza moja ya kupandishia, kamba moja ya kuvutia pembe ya mbele chini, na demani moja, kamba ya kukazia na kulegezea tanga. Ukigeuza mashua, tanga linajigeuza lenyewe. Halina mbio za tanga la mashindano, lakini ukifika ufukweni saa tatu, saa tatu na robo uko majini.

Kwa nini usiweke tanga la ngalawa? Ndilo letu, na linakwenda vizuri.

Linakwenda vizuri sana. Anayedhani ni tanga la kizamani akae Lamu siku ya mashindano aone. Tatizo si mwendo.

Kwanza ni foromali. Kwenye ngalawa na dau, foromali mara nyingi hukaribia urefu wa chombo au kuupita. Uzuri wa tanga hilo unatoka hukohuko: mlingoti mfupi, foromali ndefu, tanga refu. Kwa chombo kinacholala ufukweni hakuna neno. Kwa chombo kinachopita Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, nyuma ya gari dogo, ni mti wa mita nne au tano unaochungulia kwenye kioo cha lori la nyuma.

Pili ni kugeuza. Ukipiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupinda huku na huku, na tanga la namna hiyo, ukitaka kubadili upande, foromali na tanga lazima vizungushwe mbele ya mlingoti, joshi (kamba ya pembe ya mbele) ihamishwe na demani iletwe upande mwingine. Manahodha wetu hufanya hivyo wakiupa upepo tezi, yaani nyuma ya chombo, na mabaharia wanajua kila mmoja ashike nini. Kwenye mashua ya mita 3.3 yenye baba na mtoto wa miaka tisa, watu hao hawapo. Unaweza kuliacha tanga ligandamane na mlingoti upande mmoja, na wengi hufanya hivyo kwa safari fupi, lakini upande huo utakuwa mbovu.

Kama una wenzio wawili wanaolijua, na safari yako ya trela ni fupi, liweke, kwa furaha zote. Kama uko peke yako, tanga la pembe nne nililolitaja juu ndilo ndugu yake wa karibu asiyehitaji kuzungushwa.

Tanga la turubai la plastiki linafaa?

Kwa msimu wa kwanza, ndiyo, na nashauri. Turubai la kawaida ni jepesi, halinywi maji, linapatikana duka lolote la vifaa, na ukikosea kukata hujapoteza pesa nyingi. Chagua zito, lenye nyuzi zilizofumwa kwa karibu. Ukingo wa nyuma wa tanga uende sambamba na nyuzi za mfumo. Ukiukata mshazari utanyooka kama mpira na tanga litapoteza umbo siku hiyohiyo. Pembe zote ziongezwe viraka vya matabaka matatu au manne, maana ndiko nguvu inakokutana.

Jua letu hulila turubai upesi. Likianza kuacha unga mkononi, limekwisha. Kufikia hapo utakuwa umeshajua unataka tanga la ukubwa gani na umbo gani, na ndipo inafaa kununua Dakroni, ile polista iliyofumwa kwa ajili ya matanga. Kwa mashua ndogo uzito wa gramu 150 hadi 170 kwa mita ya mraba ni sawa.

Nimekata tanga kwa vipimo sahihi, pembe zote ziko sawa, lakini mashua haipandi dhidi ya upepo. Kwa nini?

Kwa sababu umekata bapa. Kila wiki swali hili linarudi, na nitalijibu kwa kirefu.

Upepo ukikutoka nyuma, tanga bapa linafanya kazi: linazuia upepo, mashua inasukumwa. Ukienda joshi, yaani upande upepo unakotoka, hali ni nyingine. Hapo upepo haugongi tanga, unapita pande zote mbili, na tanga lenye tumbo linaupinda. Upepo unapopindwa, tanga linavutwa kwenda upande wa demani, kule upepo unakoelekea, na kidogo kwenda mbele. Ubao wa katikati unazuia ule mvuto wa ubavuni, unabaki ule wa mbele. Tanga bapa halipindi upepo vizuri, linapigapiga tu.

Tumbo linalofaa kwa mashua kama hizi ni kama asilimia 10 ya upana wa tanga, labda 12 kama unasafiri penye mawimbi na upepo mdogo. Yaani tanga likiwa na upana wa mita 2, mahali penye kina zaidi pawe na kina cha sentimita 20 hivi. Na mahali hapo pawe mbele ya katikati, kiasi cha asilimia 40 kutoka ukingo wa mbele. Tumbo likirudi nyuma sana, mashua inalala ubavu bila kwenda.

Utalipataje tumbo kwenye kitambaa bapa? Kuna njia mbili, na mafundi huzitumia pamoja. Ya kwanza ni kuukata ukingo wa mbele na ule unaofungwa kwenye foromali kwa mviringo mdogo unaotokeza nje. Ukiufunga ukingo huo kwenye mti ulionyooka, kitambaa kilichozidi kinasukumwa ndani kuwa tumbo. Ya pili ni kwenye mishono. Tanga la vipande vingi, badala ya kupandanisha kingo kwa upana uleule mwanzo hadi mwisho, unauongeza upana wa mshono taratibu unapokaribia ukingo wa mbele na ule wa nyuma, kwa sentimita moja au mbili. Kila mshono unakuwa kama pensi ya gauni kwenye kifua. Kwa tanga la turubai la kipande kimoja, unashona pensi zenyewe kwenye pembe za chini.

Ramani nzuri inakupa vipimo hivyo. Ramani isiyokupa, iulize mwenyewe kwa nini.

Cherehani ya nyumbani itaweza?

Kwa Dakroni ya gramu 150, cherehani ya chuma ya zamani inaweza, hata ya kukanyaga kwa mguu, ingawa mshono wa zigizaga ni bora kwa sababu unanyumbulika. Cherehani ya mshono mnyoofu ipitishe mistari miwili. Tumia uzi wa polista, sindano mpya na nene, na gundi ya utepe wa pande mbili kushika vipande kabla ya kushona, maana Dakroni inateleza kama samaki. Viraka vya pembe vitaishinda cherehani. Hapo ni sindano ya mkono, kipande cha ngozi kiganjani, na subira. Wazee waliokuwa wakishona matanga ya kitambaa cha marekani kwa mkono, jahazi zima, wangetucheka.

Kuna mkunjo mrefu unaokata tanga kimshazari. Nifanye nini?

Angalia unaanzia wapi. Kwenye tanga lenye foromali, mkunjo unaotoka pembe ya juu ya mbele kwenda pembe ya chini ya nyuma unakuambia kwamba ncha ya foromali imelegea: ipandishe, au vuta zaidi ile kamba ya kushusha pembe ya mbele. Mkunjo wa upande mwingine, kutoka ncha ya juu kabisa kwenda pembe ya chini ya mbele, maana yake umevuta kupita kiasi. Upepo ukiwa haujaingia, mkunjo huo wa pili ukionekana kidogo, uache. Tanga likijaa utapotea wenyewe.

Wengi huvuta kamba hiyo ya mbele kwa woga. Ivute kwa uzito wako. Kwenye tanga la pembe nne ndiyo inayolipa umbo.

Naweza kuweka tanga kubwa kuliko la kwenye ramani?

Unaweza, na utajuta upepo wa kusi ukisimama. Ukubwa si tatizo pekee, kuna pia mahali. Kila tanga lina kitovu cha nguvu, na ubao wa katikati pamoja na gamba vina kitovu chao chini ya maji. Mbunifu amevipanga vielewane. Ukisogeza kitovu cha tanga nyuma, mashua itang'ang'ania kugeuka kuelekea upepo na mkono wako utachoka kwenye usukani. Ukikisogeza mbele mno, itakimbia upepo, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu ukiachia usukani haitasimama.

Kama unabadili aina ya tanga, kitafute kitovu. Chora tanga la pembetatu kwenye karatasi, piga mstari kutoka kila pembe hadi katikati ya upande unaoikabili, na mistari itakutana mahali pamoja. La pembe nne ligawe kwa pembetatu mbili, upate vitovu viwili, kisha kitovu cha pamoja kiko kwenye mstari unaoviunganisha, karibu zaidi na kile cha pembetatu kubwa. Kitovu kipya kikae juu ya palepale pa zamani. Ni kazi ya rula na nusu saa.

Nipunguze tanga lini?

Kabla hujalazimika. Ukiona mawimbi yameanza kutoa povu jeupe hapa na pale, upepo unakaribia noti 10 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo), na mashua ya mita tatu yenye mgeni ndani inatosheka na hapo. Povu likienea kila mahali umeshafika noti 11 hadi 16. Weka safu moja ya vikamba vya kupunguzia tanga tangu unaposhona, usingoje kuhitaji. Na jifunze kuvifunga ukiwa ufukweni.

Trela liwe la namna gani?

Trela lolote jepesi linaweza kubeba kilo 45. Kinachotofautisha ni jinsi linavyoibeba. Uzito wa mashua ukae kwenye mkuku, ule uti wa chini ya mashua, juu ya roli za mpira au ubao uliofunikwa zulia, na vile viegemeo vya ubavuni viwe vya kuizuia isiyumbe tu. Ukiibana plaiwudi ya mm 5 kwenye vyuma viwili vya pembeni, barabara yenye mashimo itaitoboa kabla hujaona bahari.

Mizani: uzito unaokandamiza kichwa cha kuvutia uwe asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote. Mashua, vifaa na trela vikiwa kilo 200, kichwani pawe na kilo 10 hadi 20. Pima kwa mizani ya bafuni. Ikiwa nyepesi mno mbele, trela litaanza kupepesuka ukifika kilomita 70 kwa saa, na dawa si kukanyaga breki ghafla, ni kuachia mafuta taratibu. Kisha simama usogeze mzigo mbele.

Adui mkubwa ni maji ya chumvi kwenye beringi. Baada ya safari ndefu kitovu cha gurudumu kina moto. Ukikiingiza baharini papo hapo, hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Wiki chache baadaye gurudumu linalia njiani, kwa kawaida usiku, kwa kawaida mahali pasipo na fundi. Magurudumu madogo ni mabaya zaidi kwa sababu huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Suluhisho ninalolipenda ni kigari: mashua inakaa juu ya kigari chepesi chenye magurudumu mapana, na kigari kinapanda juu ya trela. Ufukweni unashusha kigari, unakisukuma hadi majini, na trela halilowi kamwe. Ukikosa, subiri dakika ishirini, osha kwa maji baridi ya bomba baada ya kutoka, na pakia grisi mara kwa mara.

Usukani wa mashua utoe kabla ya kuondoka. Mikanda iwe miwili, mmoja wa kuvuta chini, mwingine wa kuzuia mashua isirudi nyuma. Taa za nyuma na namba ya usajili si hiari.

Pa kushushia nitapapataje?

Ufukwe mgumu wa mchanga, diko la wavuvi kwa ruhusa ya wenyewe, au klabu ya mashua. Pwani yetu maji hupanda na kushuka sana, hadi karibu mita nne siku za bamvu, kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kupanga siku. Ukishusha maji yamejaa siku ya bamvu na kuchelewa kurudi, utakuta matope na mawe nusu kilomita kati yako na gari. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, ni za upole kwa wanaojifunza. Ziwani huna shida hiyo, lakini una ya kwako: Ziwa Victoria lina dhoruba za radi zinazotokea haraka, nyingi usiku na alfajiri, na wavuvi wa hapo ndio watakaokuambia mawingu gani ya kukimbia.

Kabla ya kusimamisha mlingoti, inua macho. Nyaya za umeme hupita juu ya njia nyingi za ufukweni.

Ikipinduka?

Itapinduka siku moja, ni mashua ndogo. Mirror ina masanduku ya hewa yaliyofungwa mbele, nyuma na ubavuni, hivyo haizami. Mashua yoyote utakayojenga, hakikisha ina nafasi za namna hiyo, na vizibo vyake vimekazwa. Ikilala, kaa nayo, usiogelee kwenda ufukweni hata ukionekana karibu. Legeza demani, zunguka hadi upande wa mkuku, shika ubao wa katikati na uuelemee kwa uzito wako. Itasimama taratibu. Panda kwa nyuma na utoe maji kwa ndoo iliyofungwa kamba. Fanya zoezi hili makusudi, siku ya utulivu, kwenye kina cha kifuani, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea. Jaketi liko mwilini muda wote, si chini ya kiti.

Injini?

Makasia mawili. Kwa mashua ya ukubwa huu injini inaongeza uzito nyuma, mafuta, harufu na wizi.

Nataka ya kulala ndani.

Basi umeshapita Mirror. Tazama TS16 ya Richard Hartley wa New Zealand, ya plaiwudi, urefu wa mita 5, yenye kijumba kidogo na ubao unaopandishwa, iliyopendwa sana Australia na kwao na wajenzi wa nyumbani. Itahitaji trela lenye winchi, gari lenye nguvu na banda refu. Ningekushauri ujenge ndogo kwanza, lakini najua hamtanisikiliza.

Nahitaji kusajili?

Uliza kabla hujapaka rangi, kwa sababu mkaguzi anaweza kutaka kuona vitu ambavyo rangi itavificha. Kenya ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, Tanzania Bara ni TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini. Nenda na ramani, picha za ujenzi kila hatua, na risiti za plaiwudi. Mjenzi wa nyumbani hana kiwanda cha kumtetea, ana karatasi zake.

Tanga nilitunzeje lidumu?

Chumvi na jua ndivyo vinavyoliua. Likitoka baharini lisuuze kwa maji baridi, likauke kivulini, lizungushie foromali yake badala ya kulisokomeza kwenye mfuko, kwa sababu mkunjo uleule ukirudiwa kila wiki unakata nyuzi. Usiliache likipigapiga upepo ufukweni huku unakunywa chai, mpigo huo unaharibu kuliko safari nzima. Ukiona mshono mmoja umefunguka, ushone jioni hiyohiyo, kabla haujafunguka urefu wote.